Nimejifunza Kupokea



Kwa wasionifahamu, mimi ni binti wa Goma. Nimezaliwa Birere, nimekulia Mabanga, na ninaabudu katika CBCA, kanisa letu la Kibaptisti ambalo wengi mnalijua kwa shule na hospitali zake hapa Kivu ya Kaskazini. Ushuhuda wangu si wa kuponywa ugonjwa wala wa kunusurika ajali ya barabarani. Ni wa jambo linalopita midomoni mwetu kila siku bila sisi kulitazama: mtu akikuambia karibu, unamjibu nini? Mwaka 2018 nilikwenda Ujerumani nikiwa na jibu moja tu. Huko nikajifunza la pili, na hilo la pili limebadilisha maisha yangu na watu hapa hapa nyumbani.

Nianze na malezi. Mama yangu ni mwanamke wa msimamo. Alitufundisha kwamba mtoto mwenye adabu hakubali kitu cha watu mara ya kwanza. Ukiwakuta majirani mezani wakasema, "Karibu tukule," unajibu, "Aksanti, nimetoka kula," hata kama tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Wakirudia, unasema, "Kweli nimeshiba, mama." Wakirudia tena, mmoja akakusogezea kiti na mwingine akakuletea maji ya kunawa, hapo unakaa, unakula ugali kidogo na sombe, na unabakiza kitu kwenye sahani isije ikaonekana ulikuja na njaa. Ni kama wimbo wa korali: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na hakuna anayeshangaa kwa sababu wote wanajua beti. Mwenyeji anajua kwamba hapana yako ya kwanza si hapana, na wewe unajua kwamba anajua.

Kwa mama, hata hivyo, kulikuwa na jambo zito kuliko adabu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka, lava ilishuka mpaka katikati ya mji, ikapita Birere, ikaingia ziwani. Nyumba yetu ikabaki chini ya jiwe. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka mama alivyokwenda kupanga foleni ya msaada, ya turubai na maharage, akarudi jioni bila kusema neno. Siku nyingine nikamsikia akimwambia shangazi, "Waliniuliza jina mara tatu na hakuna aliyeniangalia usoni." Foleni ile hakuirudia. Alianza kukaanga bitumbura na kuviuza kando ya barabara, tukala kwa jasho hilo. Tangu hapo kukataa kukawa sheria ya nyumba yetu. Anayepokea ameshuka, anayekataa amebaki mtu.

Nikakua hodari wa kukataa. Nilikataa kubebwa kwenye pikipiki ya mwenzangu wa shule mvua ikinyesha. Nilikataa chai baada ya mazoezi ya korali. Nilikataa hata daftari nililolihitaji kweli. Watu walinisifu kwamba nina heshima, nami nikaamini kwamba heshima ni hiyo.

Safari yangu ilitokana na kanisa. CBCA ni mwanachama wa VEM, umoja wa makanisa wenye makao yake mjini Wuppertal, Ujerumani. Umoja huu una mizizi mirefu: ulizaliwa mwaka 1971 kwa kuunganishwa kwa Misheni ya Rhein, iliyoanzishwa mwaka 1828, na Misheni ya Bethel, iliyoanza mwaka 1886 na ambayo Watanzania na Wanyarwanda wanaikumbuka. Tangu mwaka 1996 si tena shirika la Wajerumani la kutuma watu Afrika na Asia, bali ni ushirika wa makanisa ya mabara yote matatu yanayokaa meza moja. Ndiyo maana vijana wao huenda kujitolea Afrika na Asia, na vijana wetu huenda kujitolea kwao. Mimi nilipangiwa nyumba ya wazee, mwaka mmoja.

Kabla ya kuondoka nilijifunza Kijerumani kwenye Goethe-Institut ya Kigali. Nilikuwa navuka mpaka wa Grande Barrière, napanda basi Gisenyi, navuka milima. Mtihani wa ngazi ya kwanza, A1, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kwenye kuzungumza unapewa kadi zenye picha, unamwomba mwenzako kitu kilichochorwa, naye anakujibu. Nilikariri vizuri kuomba kalamu kwa *bitte*, tafadhali, na kujibu *ja, gern*, ndiyo kwa furaha, mtu akiniomba mimi. Baba mdogo, ambaye ni mwalimu wa historia, aliniaga kwa utani wake. "Binti yangu," akasema, "yule Mjerumani von Götzen alipofika huku kwetu mwaka 1894 alipanda Nyiragongo bila kungoja kukaribishwa na mtu. Wewe ukifika kwao, piga hodi."

Wuppertal ni mji mrefu uliolala bondeni kando ya mto Wupper, na juu ya mto huo kuna treni inayoning'inia kwenye chuma tangu mwaka 1901. Nilipokelewa na mama na baba ambao watoto wao walikuwa wamekwisha kuhama nyumbani. Jioni ya kwanza meza ilikuwa imeandaliwa kile wanachokiita *Abendbrot*, chakula cha jioni kisichopikwa: mkate mweusi, siagi, soseji, matango ya siki, na jibini la duara lililonikumbusha jibini letu la Masisi. Mama mwenyeji akaniuliza kama nitakula kitu. Nikatabasamu, nikasema, "*Nein, danke,*" hapana, aksanti. Nikakaa nikingoja aniulize tena.

Hakuniuliza. Alisema sawa, akaendelea kupaka siagi mkate wake. Baba mwenyeji akaniuliza habari za ndege. Jibini likapita mbele ya macho yangu kwenda na kurudi, mpaka meza ikaondolewa. Kabla ya kulala mama yule akanionyesha friji, akasema nichukue chochote nitakacho wakati wowote. Mimi, niliyefundishwa kwamba hata sufuria ya jirani haifunuliwi, nitafunguaje friji ya watu usiku? Nikalala na njaa katika nyumba iliyojaa chakula, huku nikiwaza kwamba watu hawa hawana upendo.

Siku zikaenda hivyo. Nilikuwa nakula vizuri mchana kazini, kwa sababu kule sahani huletwa bila maswali, na jioni nakataa kwa adabu. Jumapili moja baada ya ibada mama mwenyeji akanikuta chumbani nikila biskuti nilizonunua. Akakaa kwenye kiti, akaniuliza taratibu kama chakula chao kinanishinda. Nikamweleza jinsi tunavyokaribishana Goma. Nilipofika kwenye kukataa kwa kwanza ambako si kukataa, akashika kichwa. "Kwa hiyo muda wote huu nimekulaza na njaa?"

Akanieleza na yeye upande wao. Kwao, mtu mzima akisema hapana, kumrudia ni kumkosea. Ni kumwambia kwamba hajui anachokitaka, au kwamba mwenyeji hajali alichosema. Atauliza mara moja, pengine mara ya pili kwa wepesi, kisha ataliheshimu jibu lako. Nilikaa nikitafakari jambo hilo. Mimi nilidhani hawanipendi kwa sababu hawanisukumi, kumbe walikuwa wananiheshimu kwa kuniamini. Kwetu mwenyeji anaonyesha upendo kwa kutoamini hapana yako. Kwao anauonyesha kwa kuiamini. Siku hiyo nilifungua Mathayo sura ya 5, pale Yesu anapofundisha habari za ndiyo na siyo, nikaisoma kana kwamba imeandikwa kwa ajili ya meza ile.

Basi nikaanza upya, na hapa niwaeleze mambo yenyewe, kwa faida ya vijana wanaojiandaa kwenda.

Mjerumani akikuuliza kama unataka kahawa, na unaitaka, jibu ni *ja, gern* au *ja, bitte*. Ukitaka kuonyesha furaha zaidi unasema *sehr gerne*. Wakizoeana huongeza mzaha kidogo na kusema *da sage ich nicht nein*, yaani kwa hilo sitasema hapana. Kama unaogopa kumsumbua, unaweza kukubali na kuitaja hofu yako papo hapo: *gern, wenn es keine Umstände macht*, ndiyo, kama si usumbufu. Hapo umekubali, na bado umekuwa na adabu. Kinachohitajika ni ndiyo isikike.

Kuna mtego mmoja ambao sikuambiwa darasani. Mtu anakunyoshea sahani ya keki, nawe kwa heshima unasema *danke* peke yake. Kwetu aksanti inaweza kufuatwa na mkono unaochukua. Kwao *danke* peke yake, mbele ya kitu unachopewa, mara nyingi husikika kama hapana, hasa ukitikisa kichwa kidogo au ukifunika kikombe kwa kiganja. Keki yangu ilipita mbele yangu namna hiyo kwenye kikao kizima cha kanisa. Ukitaka, tanguliza *ja* au *gern*, shukrani ifuate. Ukikataa, sema *nein, danke* au *danke, ich bin satt*, nimeshiba, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Halafu uchague. Wakikuuliza utakunywa nini, usijibu "chochote" kama tunavyojibu hapa ili tusimchoshe mwenyeji. Hapo ndipo utakapomchosha. Atakutajia maji yenye gesi, maji yasiyo na gesi, juisi ya tofaa, chai, kahawa, naye anangoja utaje. Nilipoanza kusema wazi kwamba napenda maji yasiyo na gesi, niliona uso wa mama mwenyeji ukilegea. Nilikuwa nimemsaidia kunikaribisha.

Wakikuambia upite siku moja uwatembelee, wanakupa mlango ulio wazi nusu. Wewe ndiye wa kuufungua: jibu kwa furaha, kisha uliza siku gani inawafaa. Hapo watatoa kalenda, na saa iliyoandikwa ndiyo saa. Mchukulie mwenyeji kitu kidogo, maua au chokoleti. Atakipokea huku akisema *das wäre doch nicht nötig gewesen*, haikuwa lazima. Nilicheka nilipolisikia hilo mara ya kwanza, maana lilikuwa sauti ya mama yangu kabisa. Kumbe nao wana wimbo wao, ila wanauimba zawadi ikiwa tayari mkononi.

Na mkahawani, tofauti na kwetu ambako aliyekuita ndiye anayelipa, sikiliza kama amesema *ich lade dich ein*, nakualika. Akilisema, analipa yeye, na jibu ni kukubali kwa shukrani bila kugombania noti mbele ya mhudumu. Asipolisema, mhudumu atauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu chake, na kila mtu kulipa chake si ubahili.

Katika eneo lile wana mwaliko mmoja mkubwa unaoitwa *Bergische Kaffeetafel*. Si kikombe cha kahawa na kipande cha keki. Ni meza nzima: kahawa kutoka birika la bati lenye koki na miguu mitatu, wanaloliita *Dröppelmina*, mikate mitamu yenye zabibu kavu, mkate mweusi, jibini laini, na mikate ya maziwa na mayai iliyobanwa kwenye chuma cha moto, inayoliwa na cheri za moto na wali wa maziwa uliomwagiwa sukari na mdalasini. Tulialikwa na kikundi cha wamama wa kanisa. Kila kilichopita nikasema *ja, gern*, tena nikiwaangalia machoni. Mama mmoja mzee akaniambia kwamba amefurahi kuona mgeni anayekula. Nikawaza: hata Kivu mwenyeji anafurahi hivyo hivyo, ila kwetu inabidi amsihi mgeni kwanza ndipo afurahi.

Mpaka hapo ilikuwa bado ni adabu ya meza. Kilichonigeuza moyo ni koti.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa na ghorofa, na chini yetu aliishi bibi mmoja mjane. Mvua ya Wuppertal ikianza mwishoni mwa Oktoba haina haraka ya kuondoka, nami nilikuwa natembea na sweta la Goma. Akanisimamisha kwenye ngazi, akaniita kwa jina. Akasema ana koti la baridi ambalo limekuwa dogo kwake, je, nitalitaka?

Ndugu, mwili mzima ulisema hapana. Niliiona foleni ya mwaka 2002. Nilimwona mama akirudi mikono mitupu kwa hiari yake. Koti la kupewa, tena la Mzungu, tena lililovaliwa: hilo ndilo nililofundishwa kulikimbia. Lakini bibi yule alikuwa ameniangalia usoni. Hakuwa na karatasi ya kuandika jina langu, kwa sababu jina langu alikuwa nalo. Hakuniambia chukua, aliniuliza kama ninataka. Na jibu la kweli lilikuwa kwamba ninataka, kwa sababu nilikuwa natetemeka.

Nikasema, "*Ja, sehr gerne. Das ist lieb von Ihnen.*" Ndiyo, kwa furaha sana, ni wema wako. Nikalipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa. Yeye hakujua maana ya ishara ile, lakini aliniambia kwamba amefurahi sana, na macho yake yalisema hivyo hivyo. Nikapanda ngazi nikiwa nimevaa koti, nikijikagua kama nimepungua. Sikuwa nimepungua.

Wiki iliyofuata nilikaanga bitumbura, nikachemsha chai ya tangawizi, nikamwalika bibi yule juu. Nikammiminia kikombe, akanywa. Nikainua birika, akasema, "*Danke!*" Nikammiminia tena, kwa kuwa hapa kwetu anayeshukuru kwa furaha namna ile hajamaliza. Akanywa kwa shida. Nikainua birika kwa mara nyingine, naye akafunika kikombe kwa viganja viwili, sote tukaangua kicheko. Kabla ya kuondoka akanyosha mkono, akataja jina lake la kwanza, akasema tuitane *du*, yaani wewe ya watu waliozoeana. Kwao hilo nalo ni jambo la kutolewa na kupokelewa: mkubwa ndiye anayelitoa, mdogo halianzishi, na ukilikubali unasema *gern* na kutaja jina lako. Kumwita mtu wa umri wa bibi yangu kwa jina lake tu kulinishinda siku nyingi, lakini nilikuwa nimekubali, na niliyekubali sikurudi nyuma.

Msidhani sasa kwamba Wajerumani ni mabingwa wa kupokea. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, niliona upande mwingine. Watu waliokuwa wepesi wa kukubali kahawa walikuwa wazito wa kukubali mkono. Unamwona baba wa miaka zaidi ya themanini akipambana na kifungo cha shati, unamuuliza kama umsaidie, anajibu, *es geht schon*, naweza tu. Maneno niliyoyasikia sana kule ni kwamba hawataki kuwa mzigo kwa mtu. *Ich will niemandem zur Last fallen.* Walikuwa wamefanya kazi maisha yao yote, wamelipa kila kitu, na sasa mwili unawalazimisha kupokea ambacho hawawezi kulipa. Niliposikia sentensi ile nilimsikia mama yangu, aliyekaanga bitumbura ili asiwe na deni la mtu yeyote.

Mzee mmoja alikuwa hakubali kushikwa mkono kwenda bustanini. Anakaa dirishani akiitazama. Nikamsimulia habari ya koti: jinsi nilivyoliogopa, na jinsi bibi yule alivyofurahi. Alinisikiliza bila kusema kitu. Siku kadhaa baadaye nilimuuliza kama kawaida, nikiwa tayari kwa jibu la kawaida. Akasema, "*Ja, bitte,*" akanipa mkono. Tulizunguka bustani polepole, akanifundisha majina ya miti. Alinipa kitu ambacho nisingekipata kama angebaki dirishani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa moyo kile nilichokuwa nimekijua kwa ulimi tu: anayekataa kila kitu huwanyima wenzake nafasi ya kutoa.

Nilirudi Goma mwaka 2019. Kusema *gern* Wuppertal ni rahisi. Nilijiuliza kama nitaweza kusema ndiyo huku, mbele ya mama.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ikapasuka tena. Safari hii lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka. Alfajiri ya tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa kumi ya mji iondoke, Mabanga ikiwemo. Mliokuwepo mnaikumbuka barabara ya Sake siku ile: magari, pikipiki, chukudu zilizobeba magodoro na wazee, watoto wameshikana mikono. Tulifika Sake, kilomita zipatazo 25, jua likiwa linazama. Shule zimejaa, makanisa yamejaa. Mwanamke mmoja tusiyemjua alikuwa amesimama mlangoni pake. Akamwambia mama, "Ingieni, kuna godoro na mkeka."

Mama akajibu kama alivyojibu maisha yake yote: "Aksanti mama, sisi tunaendelea na safari." Hatukuwa na safari ya kuendelea nayo. Yule mwanamke alikuwa amechoka, na nyuma yetu kulikuwa na wengine mia wanaotafuta mahali. Pale hapakuwa na nafasi ya kusihiana. Nikasema, "Ndiyo mama, tunahitaji mahali. Tuko watano, na mtoto ana kiu. Mungu akubariki." Akasema, "Basi leteni bidon nijaze." Tukaingia.

Usiku mama hakuniongelesha. Alfajiri nikamkuta uani ameshika ufagio. Mwenyeji alikuwa akimzuia, "Hapana mama, wewe ni mgeni, pumzika." Na mama, mama yangu yule yule, akamjibu, "Wewe jana ulitoa, mimi nikapokea. Leo nawe pokea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siingoji ya tatu." Wakacheka. Mchana walikuwa wanapika sufuria moja, sambaza za ziwa na lengalenga, wakiulizana habari za watoto. Tulikaa pale mpaka Juni tuliporuhusiwa kurudi mjini, na nilimwona mama akipokea sahani bila kunyosha shingo.

Februari 2024 vita vilipoisogelea Sake, watu wake wakakimbilia Goma kwa maelfu. Yule mwanamke akaja kwetu na wajukuu. Mama alimpokea mlangoni, akamuuliza, "Unahitaji nini kwanza?" Mwenzake hakusema, aksanti, tumekula njiani. Alisema, "Maji ya kuwaogesha watoto, halafu mahali pa kulala." Mama akaniangalia, nikaenda kuweka maji motoni.

Wapendwa, sisemi tuache desturi yetu. Kumsihi mgeni ni upendo, na siku nitakayokwenda kwa wakwe nitakataa mara ya kwanza kama binti aliyelelewa. Lakini mji wetu umepigwa na moto wa mlima na moto wa risasi mara nyingi, na tumepokea misaada mingi iliyotolewa bila sisi kutazamwa usoni. Jeraha hilo limewafanya wengi wetu wafunge mlango hata kwa jirani anayekuja na sahani mkononi. Msaada wa foleni na mkono wa jirani si kitu kimoja. Tusivijibu kwa jibu moja.

Kwa vijana wa korali wanaojiandaa kwenda Ujerumani, ambao nawafundisha maneno niliyoyajua, nasema hivi: ukiulizwa, na unataka, sema *ja, gern*. Taja unachotaka. Mwangalie mtu machoni, umshukuru, na siku yako ikifika umkaribishe na wewe. Usipotaka, kataa wazi, usimwache mtu akibahatisha. Hakuna atakayekurudia, kwa hiyo usilale na njaa kwa ajili ya adabu ambayo mwenyeji wako haijui.

Na kwa mama zetu mliobeba nyumba zenu peke yenu tangu mwaka 2002 na kabla yake: mmetoa vya kutosha. Leo jioni jirani akikugongea na kikombe cha unga, au mtoto wako akikuambia, mama, kaa, nitafua mimi, mwambie ndiyo. Hujapungua. Umempa nafasi ya kutoa.